Kilomita Mbili Baina ya Treni na Boti

Jijini Dar es Salaam, baina ya stesheni kuu ya treni ya umeme na gati la boti ziendazo Unguja, kuna mwendo usiofika kilomita mbili. Kijana asiye na mzigo huumaliza kwa miguu kabla nusu saa haijatimia. Mwendo huu hauna sifa yoyote ya kutajwa katika vitabu vya watalii. Pana barabara yenye malori yatokayo bandarini, bajaji zinazopenya palipo na upenyo, wauza maji, wapagazi, na watu wengi wenye haraka. Hata hivyo, kwa familia zetu nyingi ambazo nusu yake inaishi bara na nusu nyingine visiwani, hapa ndipo safari nzima huamuliwa.

Makala yetu ya wiki hii inauhusu mwendo huo mfupi, na mingine mingi inayofanana nao. Tunakusudia ile nafasi iliyopo baina ya chombo kimoja na kingine, pale abiria anaposhuka huku akiitazama saa, naye hajui kama kile anachokifuata kitamngoja.

Kasi imeongezeka, viungo vimebaki

Mwenye kuikumbuka safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam kwa basi anajua kwamba ilikuwa ikila mchana mzima. Abiria alitoka alfajiri, akala Morogoro, akaingia jijini jua likiwa limekwisha kupoa. Tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria baina ya miji hii miwili, baada ya kutangulia ile ya Morogoro mwezi Juni mwaka huo huo. Reli hiyo imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Leo abiria huketi Dodoma akiwa na kikombe cha chai, akapita mahandaki ya milima ya Kilosa, akaiona safu ya Uluguru dirishani, na kabla ya saa nne kutimia huingia Dar es Salaam kwa njia ya daraja refu lipitalo juu ya barabara za mji.

Upande wa bahari nako mambo yamebadilika. Boti za kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Malindi, Unguja, kwa muda wa kama saa mbili. Ndani ya jiji, mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016, yakiwa na njia zao wenyewe zinazoishia Kivukoni na Gerezani. Ukivitazama vyombo hivi kimoja kimoja, huna budi kushukuru.

Lakini msafiri hasafiri kwa chombo kimoja. Mama anayetoka Dodoma na watoto watatu kwenda kumwona mzazi wake Mkoani, Pemba, anahitaji treni, kisha bajaji, kisha boti, kisha boti nyingine au kulala Unguja, kisha gari la shamba. Anayetoka Tanga au Arusha kwa basi hushushwa Mbezi, katika kituo kilichochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021, nacho kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka bandarini. Kila chombo kina wenyewe, kina ratiba yake, kina kiongozi wake. Nafasi iliyopo baina ya vyombo haina mwenyewe. Treni ikifika kwa wakati, wa treni wametimiza wajibu wao. Boti ikiondoka kwa wakati, wa boti wametimiza wa kwao. Abiria aliyebaki gatini na mizigo yake hayumo katika hesabu ya yeyote kati yao.

Ndiyo maana tunasema kwamba kuongezeka kwa kasi hakukuondoa dhiki ya msafiri. Kumeihamisha tu. Zamani dhiki ilikuwa ndani ya basi, imetandazwa kwa kutwa nzima. Sasa imekusanywa ikawekwa katika dakika chache baina ya kushuka na kupanda.

Siku ya msiba

Wapo watakaosema kwamba kukosa boti ni jambo dogo, kwa kuwa ipo ya baadaye. Mara nyingi ni kweli. Lakini zipo siku ambazo boti ya baadaye haitoshi, na familia za Kiislamu zinazijua siku hizo kuliko wengine, kwa sababu maiti wetu hawawekwi. Anayefariki usiku huzikwa mchana wake. Mji mzima husogea kwa haraka: wa kuosha, wa kushona sanda, wa kuchimba kaburi. Aliye mbali hana budi kuifuata saa ya mazishi, kwani saa hiyo haitamfuata yeye.

Tuliwahi kuipita njia hiyo tukiwa watu watano. Tulikuwa Dodoma, na habari ilitufikia kabla ya adhana ya Alfajiri: shangazi yetu mdogo amefariki Unguja, na jeneza litatoka baada ya Swala ya Alasiri kwenda makaburi ya Mwanakwerekwe. Miongoni mwetu alikuwamo dada yake, shangazi yetu mkubwa, mwenye umri uliopita miaka 70 na anayetembea kwa bakora. Alikuwamo pia mtoto wa miaka minne. Tulipata nafasi katika treni ya asubuhi, na mpwa wetu akatukatia tiketi za boti ya mchana.

Kwa mujibu wa karatasi, safari ilikaa vizuri. Baina ya kufika kwa treni na kuondoka kwa boti kulikuwa na saa moja na robo. Lakini tiketi ya boti ilieleza kwamba mlango hufungwa nusu saa kabla ya kuondoka. Kwa hiyo saa moja na robo ilikuwa kwa hakika dakika 45.

Treni ilifika kwa wakati wake. Behewa letu lilisimama mbali na njia ya kutokea, na wenye mizigo na wazee walikuwa wengi mbele ya lifti. Tukatumia dakika 18 kufika nje. Bajaji moja haichukui watu watano na mabegi, tukatafuta mbili. Dakika tano zikapita. Njiani tulikuta malori yamepanga mstari kuelekea bandarini, na bajaji iliyombeba shangazi ikasimama kabisa. Dakika 17. Tulipofika getini zilikuwa zimebaki dakika tano, na mbele yetu ulikuwapo mstari wa watu waliokuwa wakipitisha mizigo yao katika mashine ya ukaguzi. Mstari ule ulikwenda bila ya kusita, lakini dakika tano hazikuutosha.

Kijana aliyekuwa mlangoni alimtazama shangazi, akaiona bakora, akaliona buibui lililojaa vumbi la njiani. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi. Poleni sana. Ngazi imeshatolewa."

"Marahaba, mwanangu," shangazi alimjibu. "Tumekwenda mwendo tuliojaaliwa."

Tuliisikia mashine ya boti ikinguruma. Hatukumlaumu kijana yule wala hatukuwa na wa kumlaumu. Treni haikuchelewa. Boti haikuondoka kabla ya saa yake. Mwenye bajaji alijitahidi. Na bado mwendo wa kilomita mbili ulikuwa umetunyima kile ambacho mwendo wa mamia ya kilomita haukutunyima.

Simu ikaita kutoka Unguja. Alikuwa mtoto wa marehemu. Tukampa shangazi, naye akaiweka kwa sauti ili tusikie sote.

"Mama mkubwa, tumeambiwa mmekosa boti. Tukusubiri? Tunaweza kusogeza mpaka baada ya Magharibi, umwone."

Shangazi alinyamaza kidogo. Yule aliyekuwa akisubiriwa kuzikwa alikuwa mdogo wake wa kufuatana naye, aliyemlea mgongoni.

"Msinisubiri, mwanangu," akasema. "Bahari ina mambo yake. Mkinisubiri mimi, mtamchelewesha mwenye haki yake. Mpelekeni mama yenu. Mimi namwombea hapa hapa nilipo."

Akaturudishia simu, akaomba maji ya kunywa.

Tulikwenda katika msikiti wenye sehemu ya wanawake, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama dini ilivyomrahisishia msafiri. Tukapanda boti ya alasiri. Tulipoingia Malindi jua lilikuwa linakaribia kuzama, na mazishi yalikuwa yamekwisha. Shangazi akaingia kwa wanawake, wakampisha mahali penye mkeka karibu na watoto wa marehemu. Asubuhi yake sisi wanaume tulikwenda Mwanakwerekwe, tukasimama mbele ya kaburi na kumswalia. Jambo hili lina asili inayojulikana katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.), aliyeswali kaburini kwa mtu aliyekuwa akiusafisha msikiti, baada ya kuambiwa kwamba alizikwa usiku pasipo yeye kuarifiwa.

Kwa nini mlango hufungwa

Abiria aliyeachwa huuona mlango uliofungwa kuwa ni ukatili. Ni haki kuueleza mlango huo, kwani sababu zake zimeandikwa kwa machozi ya watu wetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imebeba watu wengi mno kuliko iliyoruhusiwa, na vijiji vizima vya Pemba viliingia katika msiba. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi. Ndugu zetu wa Mombasa nao hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, siku ambayo kivuko cha Mtongwe kilipinduka hatua chache kutoka ufukoni na kuua watu 272.

Katika mambo ambayo misiba hii inatufundisha, moja ni hili: chombo kisichojua kusema "basi" ni chombo cha hatari. Mwenye kumkubalia abiria wa mwisho kwa huruma humkubalia wa mwisho mwingine, na mwingine tena. Hesabu ya watu haiwezi kufanywa wakati watu bado wanaruka ngazini. Kwa hiyo mlango unaofungwa kwa saa yake ni rehema kwa walio ndani, hata kama ni uchungu kwa walio nje. Shangazi yetu alilijua hilo. Hakumwomba kijana yule amfungulie.

Swali la haki, basi, si kwa nini mlango ulifungwa. Swali ni kwa nini bibi wa miaka 70 aachwe avuke kwa bahati yake mwenyewe nafasi iliyopo baina ya mlango mmoja na mwingine.

Wazee walisubiri namna gani

Watu wa pwani si wageni wa kuunganisha safari. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja kwetu kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi. Aliyeukosa upepo hakukosa saa mbili. Huenda alikosa miezi. Kwa sababu hiyo kusubiri hakukuhesabiwa kuwa ni balaa iliyoingia katika safari kwa bahati mbaya. Kulikuwa ni sehemu ya safari yenyewe, na miji ilijengwa kwa kukujua. Karibu na bandari palikuwa na misikiti, visima, nyumba za kupangisha na wenyeji waliozoea kupokea wageni. Mgeni aliyekwama Mombasa, Lamu au Unguja alipata pa kutia udhu, pa kulala, na wa kumuuliza habari za vyombo.

Sisi tumeirithi bandari, lakini hatukuurithi mpango wa kusubiri. Tumejenga vyombo vya haraka kwa kudhani kwamba aliyeharakishwa hahitaji tena pa kungojea. Ilhali mwenye kukosa boti leo huketi juu ya begi lake kando ya barabara, mtoto amelala mapajani, akiulizia kwa wapita njia choo kiko wapi.

Zipo nchi zilizolitazama jambo hili kwa jicho jingine. Uswisi, kuanzia mwaka 1982, ilipanga treni zake ziondoke kwa vipindi vinavyojirudia. Kisha mwaka 1987 wananchi wakaupigia kura mpango wa kuzifanya treni zikutane katika stesheni kubwa: zinaingia dakika chache kabla ya saa kutimia, abiria wanavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na zinaondoka dakika chache baadaye. Safari ya Zürich hadi Bern ilipunguzwa ikawa chini ya saa moja kwa makusudi hayo, ili treni iwahi kukutana na nyingine. Walianza kupanga kutokea kwenye kiungo, ndipo wakakiuliza chombo kiende kwa kasi gani.

Katika ardhi takatifu nako, mahujaji na watu wa Umra wanaijua treni ya Haramain iliyoanza mwaka 2018 baina ya Makka na Madina, mwendo wa kama kilomita 450. Njia hiyo ina stesheni katika uwanja wa ndege wa Jeddah wenyewe. Aliyeipanga alimfikiria mzee anayeshuka katika ndege akiwa na begi na uchovu.

Hatusemi kwamba kila kitu cha wengine kiletwe kwetu. Tunasema kwamba kiungo ni kazi ya kupangwa, kama vile reli na gati zilivyopangwa. Basi dogo moja linalotoka stesheni kwenda gati la boti kila treni inapofika lingewaondolea watu wengi adha. Ubao stesheni unaoonyesha saa za boti, na ubao gatini unaoonyesha saa za treni, haugharimu sawa na daraja. Mstari wa wazee, wajawazito na wenye msiba mbele ya mashine ya ukaguzi hauhitaji hata ubao. Haya yanawezekana pale tu wenye vyombo mbalimbali watakapoketi meza moja na kumhesabu abiria mmoja kuwa ni wao wote.

Haraka hufunua tabia

Tukiwa tunasubiri yafanywe hayo, ipo sehemu iliyo mikononi mwetu wenyewe, nayo inaihusu familia.

Neno safari tumelichukua katika Kiarabu, na mzizi wake hubeba pia maana ya kufunua. Wanazuoni wamesema kwamba safari huitwa hivyo kwa kuwa huzifunua tabia za watu. Aliyewahi kusimama stesheni au gatini wakati wa haraka ameuona ukweli wa maneno hayo. Hapo ndipo baba mpole humkaripia mkewe mbele za watu kwa sababu ya begi. Hapo mtoto huvutwa mkono hadi akalia. Hapo ndugu wawili hulaumiana juu ya nani alisema watoke saa ngapi. Boti huenda ikawahiwa, lakini maneno yaliyotoka hayarudi, na watoto huyabeba hadi ng'ambo.

Wahenga walituachia methali mbili ambazo katika nafasi hii huonekana kugombana. Mmoja alisema haraka haraka haina baraka. Mwingine akasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Msafiri aliye baina ya treni na boti husikia zote mbili kwa wakati mmoja. Kwetu sisi Waislamu suluhu yake imo katika jambo tunalolifanya kila siku pasipo kulitafakari. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba tunaposikia Swala imekimiwa tusiiendee mbio, bali tuiendee kwa utulivu, tutakachokiwahi tukiswali pamoja na imamu, na kilichotupita tukikamilishe wenyewe. Ikiwa Swala, iliyo nguzo ya dini, haikimbiliwi kwa kuhema na kusukumana, boti nayo haistahiki kuendewa kwa kumkanyaga mtu. Na ikiwa aliyechelewa rakaa hakufukuzwa msikitini bali alipewa njia ya kukamilisha, basi na aliyechelewa safari yupo na njia ya kukamilisha.

Lakini utulivu wa dakika ile hauji wenyewe. Huandaliwa tangu nyumbani. Tunawaomba wasomaji wetu wayatazame mambo machache.

La kwanza, muda wa kuunganisha uhesabiwe kwa mwendo wa aliye mnyonge zaidi katika msafara, wala si kwa mwendo wa kijana wa nyumba. Toa kwanza muda wa kufungwa mlango. Toa muda wa kutoka stesheni. Kilichobaki ndicho ulicho nacho. Kwa familia yenye mzee au watoto wadogo, saa tatu baina ya treni na boti si nyingi. Zikibaki, ni za chakula na Swala.

La pili, yaulizwe kabla ya kukata tiketi mambo mawili: chombo cha mwisho cha siku hiyo kinaondoka saa ngapi, na tiketi ya aliyeachwa inakuwaje. Anayeunganisha kwa chombo cha mwisho hana pa kuangukia. Anayekwenda Pemba azingatie zaidi, kwa kuwa vyombo vyake ni vichache kuliko vya Unguja, na ajue mapema nyumba atakayolala endapo atakwama.

La tatu, msafara mkubwa ukibidi kugawanyika, kila kundi lishike tiketi zake, vitambulisho vyake na fedha kidogo. Dawa na maziwa ya mtoto yakae katika mkoba wa mkononi, yasizikwe chini ya begi kubwa.

La nne, Swala ipangwe pamoja na safari. Katika madhehebu ya Imamu Shafi yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, msafiri aliyetimiza masharti ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Ruhusa hiyo ni zawadi, na mahali pake bora ni hapo baina ya chombo na chombo, ambapo wengi wetu huitumia nafasi kwa kulumbana na saa. Wanawake waulize mapema msikiti wenye sehemu yao, kwani si kila msikiti wa mjini unayo.

La tano, nalo ndilo zito kuliko yote, ni la msiba. Familia iliyotawanyika ikubaliane siku za afya na utulivu, kabla ya siku ya kilio, juu ya nani atasubiriwa na hadi saa ngapi. Tusimtwike mfiwa aliye gatini, machozi yakimtoka, uamuzi wa kumzuia maiti au kumwachia. Na tusiwatwike waliobaki na maiti lawama ya miaka kwamba walizika bila ya kumngoja fulani. Udugu mwingi umevunjika kwa neno "hamkunisubiri". Shangazi yetu alilifuta neno hilo kwa simu moja, na watoto wa marehemu wakapata kumzika mama yao kwa moyo mweupe. Si kila mtu atakuwa na nguvu hiyo kwa ghafla. Inafaa ijengwe kwa mazungumzo ya nyumbani.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akamhimiza msafiri aliyekwisha kukidhi haja yake aharakie kurejea kwa watu wake. Mafunzo hayo yanaikubali taabu ya njia, na yanaikubali haraka ya kumrudia umpendaye. Kwa hiyo hatumlaumu mtu anayeikimbilia boti kwa shauku ya kumwona mzazi au kumzika ndugu. Tunachomtakia ni njia iliyopangwa na wanaostahiki kuipanga, muda uliohesabiwa kwa hatua za bakora, na watu wa upande wa pili watakaompokea, awe amewahi au amechelewa.

Wabillahi tawfiq.